Shahidi mtaalamu yupi kwa kesi ya ulanguzi wa mtoto? Ulinganisho kwa waendesha mashtaka na wanaowasaidia

Chukua mfano huu wa kutunga, ingawa anayefanya kazi hizi Pwani ataona sura anazozijua. Msichana anayesemekana ana miaka kama kumi na sita anatolewa Ganze na mwanamke anayemwita Anti, kwa ahadi ya kazi ya ndani Mtwapa. Miezi michache baadaye anakutwa kwenye nyumba ya kupangisha, anatumiwa kwenye biashara ya ngono, na pesa zinaingia kwenye simu ya Anti. Faili likifika mezani, mtu wa kwanza kufikiriwa huwa mwanasaikolojia. Atueleze kwa nini hakukimbia. Atueleze kwa nini bado anamtumia Anti salamu.

Naona huyo awe wa tatu au wa nne kuitwa, na katika kesi nyingi asiitwe kabisa. Sababu imo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya Kenya, ya mwaka 2010, kifungu cha 3, inadai mambo matatu mwathiriwa akiwa mtu mzima: tendo (kumchukua, kumsafirisha, kumhifadhi, kumpokea), njia (vitisho, nguvu, ulaghai, rushwa na kadhalika) na lengo la kumnyonya. Akiwa mtoto, njia inaondolewa. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba alitishwa au alidanganywa, na kukubali kwake hakumsaidii mshtakiwa. Yanabaki tendo, lengo, na kwamba hajafika miaka 18. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia simu mtaalamu yeyote, uliza pengo liko wapi kati ya hayo matatu. Mtaalamu anayejibu swali ambalo sheria imeshalifuta anakula siku ya mahakama na kumpa wakili wa utetezi mtu wa kumgeuza.

Umri: cheti, mama, au daktari wa meno?

Hapa ndipo kesi nyingi hufia, na ndipo ningeweka nguvu zangu zote mwanzoni. Mahakama ya Rufaa iliyokaa Malindi, katika rufaa ya jinai namba 504 ya 2010, ilisema umri wa mwathiriwa katika makosa ya kingono ni sehemu ya shtaka na lazima uthibitishwe kama linavyothibitishwa tendo lenyewe. Mahakama ya Rufaa ya Uganda, katika rufaa ya mwaka 2000 ambayo mahakama za Kenya huinukuu kila mara, ilitaja njia zinazokubalika: ushahidi wa daktari, cheti cha kuzaliwa, mzazi au mlezi, na hata kumtazama mtoto na kutumia akili ya kawaida.

Cheti kikiwepo, basi, kitangulie. Ila kisome chote. Cheti cha Kenya kina tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya kutolewa. Kilichosajiliwa mwaka ule ule mtoto alipozaliwa hakina wa kukibishia. Kilichosajiliwa wiki mbili baada ya Anti kukamatwa kitaitwa cheti cha kesi, hata kama kila neno lake ni kweli.

Hapo ndipo kitabu cha kliniki ya mama na mtoto kinapokuwa na thamani ambayo wengi huisahau. Nesi aliandika chanjo ya kifua kikuu siku za kuzaliwa, kisha za wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, halafu surua mwezi wa tisa. Tarehe tano zimepigwa kwa kalamu tofauti na mikono tofauti, karatasi imechakaa kwa kukunjwa. Hakuna wakili atakayemshawishi hakimu kwamba mtu alikaa akavitunga vyote hivyo kwa ajili ya kesi ya miaka kumi na mitano mbele.

Mama naye ni shahidi mzuri kuliko tunavyomchukulia, akiulizwa vizuri. Ukimuuliza, "Mama, mtoto alizaliwa tarehe ngapi?" atababaika. Muulize kulikuwa na nini nchini siku zile. Akisema alijifungua wiki katiba mpya ilipozinduliwa, umeshapata mwishoni mwa Agosti 2010, na hakuna hakimu asiyeijua tarehe hiyo.

Daktari wa meno au wa eksirei aje pale tu vyote hivyo vinapokosekana, au vinapopingana. Sababu ni kwamba kipimo chake hutoa masafa, hakitoi tarehe. Daktari makini huweka nafasi ya mwaka mmoja au miwili kila upande. Sasa tazama jinsi ripoti ile ile inavyoweza kutosha kwa shtaka moja na kuanguka kwa jingine. Ikisema "miaka 15 hadi 17", ulanguzi umetimia, kwa kuwa kila mwaka humo uko chini ya 18. Lakini ukiwa umeongeza shtaka la unajisi chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, utakwama: mwathiriwa akiwa wa miaka 12 hadi 15 adhabu haipungui miaka 20, na akiwa amefika 16 haipungui 15. Ripoti yako imekaa juu ya mpaka. Na tangu Mahakama ya Juu ilipothibitisha Julai 2024 kwamba viwango hivyo vya chini ni halali na mahakama za chini hazina ruhusa ya kuvishusha, kosa la mwaka mmoja hapo ni miaka mitano ya mtu gerezani.

Ikisema "16 hadi 18", mahojiano huwa mafupi:

"Daktari, mtu wa miaka kumi na nane na siku moja ni mtoto?"

"Kisheria, hapana."

"Na kipimo chako hakiwezi kuliondoa hilo?"

"Hakiwezi."

Wakili anakaa chini. Hahitaji swali jingine.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mwendesha mashtaka anapaswa kumuuliza daktari wake mapema, kabla utetezi haujamuuliza: kipimo hiki kilitengenezwa kwa watoto gani? Atlasi ya mifupa ya mkono inayotumika zaidi duniani ilitokana na picha za watoto wa Cleveland, Ohio, zilizopigwa miaka ya 1930 na mwanzo wa 1940. Nayo magego ya mwisho huota mapema zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu. Maana yake, ukitumia jedwali la kigeni bila kurekebisha, msichana wa Ganze ataonekana mkubwa kuliko alivyo, na kosa hilo linambeba mshtakiwa. Daktari anayejua hili na kulieleza mwenyewe katika ushahidi wa kwanza ana thamani mara mbili ya anayelisikia kutoka kwa wakili wa utetezi.

Tabibu wa P3 au Mkemia wa Serikali?

Katika kesi ya unajisi tabibu anayejaza P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, ni lazima kwa mazoea. Katika kesi ya ulanguzi si lazima kwa kiasi hicho, kwa sababu sheria inauliza lengo la unyonyaji, na mlanguzi aliyekamatwa njiani kabla mtoto hajaguswa amekwisha kutenda kosa.

Tabibu akiitwa, aitwe kueleza kile ambacho uchunguzi wake hauwezi kusema. Watu wengi, hata mahakamani, bado wanaamini kwamba mwili wa msichana huandika historia yake na daktari huisoma. Si hivyo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2004 uliwapima wasichana 36 waliokuwa na mimba, na ni wawili tu waliokutwa na dalili za uhakika za kuingiliwa. Thelathini na wanne waliobaki walikuwa na mimba na mwili usioonyesha dalili ya uhakika. Tabibu anayeweza kusema hivyo kwa utulivu anakufaa kuliko yule aliyejaza P3 kwa maneno makubwa. Fomu ikiandika "hakuna jeraha" bila maelezo yoyote, utetezi utaisoma kwa sauti na kukaa kimya.

Mkemia wa Serikali, mwenye maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu, anafaa pale tu utambulisho wa mtu unapobishaniwa: mteja anayekana kabisa kumjua mtoto, au mtoto aliyezaliwa kutokana na unyonyaji. Kwa Anti aliyekuwa akikusanya pesa, vinasaba havina la kusema. Naomba mwendesha mashtaka asiahirishe kesi miezi minne kusubiri ripoti ya vinasaba isiyomhusu mshtakiwa aliye kizimbani.

Na kama hakuna hata mmoja? Mahakama ya Rufaa ilisema Mombasa mwaka 2006 kwamba kukosekana kwa ushahidi wa kitabibu hakuui kesi: tendo linaweza kuthibitishwa kwa maneno ya mwathiriwa au kwa mazingira. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu katika makosa ya kingono kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi aandike sababu za kuamini kwamba anasema kweli. Ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga msimamo unafanana. Mahakama ya Rufaa ya Tanzania ilisema mwaka 2006 kwamba ushahidi bora wa ubakaji ni wa mwathiriwa mwenyewe. Tofauti iko kwenye fomu: Tanzania, PF3, ambayo ni P3 ya huko, ikipokelewa bila mshtakiwa kuelezwa haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe, fomu hiyo hufutwa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa. Kesi kadhaa zimesimama bado baada ya kufutwa huko, nayo ni dalili ya jinsi fomu isivyokuwa uti wa mgongo tunaoudhani.

Wanasaikolojia watatu tofauti

Tunasema "mwanasaikolojia" kana kwamba ni shahidi mmoja. Ni watatu, na kuwachanganya kunagharimu.

Wa kwanza ni yule anayemtibu mtoto, tuseme mshauri nasaha wa nyumba salama. Anamjua vizuri kuliko wote, ndiyo maana anavutia. Lakini Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kupewa mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake. Ukimweka mshauri kizimbani, usishangae daftari lake likiombwa. Humo mtoto aliandikiwa kwamba alimkumbuka Anti, kwamba Anti alimnunulia simu, kwamba siku moja alisema mengine na siku nyingine mengine. Ni mambo ya kawaida kabisa kwenye chumba cha ushauri. Kizimbani yanageuka orodha ya kujipinga. Na mtoto akijua kwamba aliyoyasema pale yanaweza kusomwa mbele ya Anti, hafungui mdomo tena, naye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kupona. Kwangu mimi huyu asiitwe kwenye kuthibitisha kosa. Aitwe baada ya hatia, kueleza madhara, wakati adhabu inapopimwa.

Wa pili ni anayempima mtoto kwa ajili ya kesi, mara moja au mbili, na kuandika ripoti. Yuko huru zaidi, hana daftari la miezi sita. Ila naye ana bei. Kwanza, mtoto anasimulia upya, na kila simulizi mpya ni toleo jipya la kulinganishwa na maandishi ya polisi. Pili, akisema mtoto ana msongo wa baada ya kiwewe, swali linalofuata halikwepeki: kiwewe cha nini? Mtoto aliyelanguliwa mara nyingi alitoka kwenye nyumba yenye shida tangu awali. Utetezi utasema kiwewe kilitoka huko, na utajaribu kuingiza maisha yake ya nyuma ambayo kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kimejaribu kuyafunga. Umeufungua mlango mwenyewe.

Wa tatu hamjui mtoto kabisa na hajasoma faili. Anakuja kueleza jinsi watoto wanaotegwa wanavyofanya kwa jumla: zawadi ndogo ndogo, siri, deni, kutengwa na ndugu, kisha kuchelewa kusema, kukana, hata kumtetea aliyewatumia. Kesi inayojulikana zaidi ya aina hii ni ya Ghislaine Maxwell, mshirika wa Jeffrey Epstein, New York, mwishoni mwa 2021. Upande wa mashtaka ulimwita Lisa Rocchio, mwanasaikolojia ambaye hakuwa amewapima walalamikaji, aeleze jinsi watoto wanavyotegwa hatua kwa hatua. Utetezi ukajibu kwa Elizabeth Loftus, bingwa wa jinsi kumbukumbu inavyopotoka. Mtaalamu mmoja akazaa mwingine, ndiyo kawaida yake. Maxwell alitiwa hatiani Desemba 29 kwa makosa matano kati ya sita, likiwemo la ulanguzi wa mtoto kwa ngono, na mwaka uliofuata akapewa miaka 20.

Nampenda huyu wa tatu kuliko wenzake, kwa sababu hana la kuvujisha kuhusu mtoto. Lakini msimamo wake una mpaka. Maelezo yanayotumiwa mara kwa mara, ya hatua tano za mtoto kuzoea unyanyasaji, yaliandikwa na daktari Roland Summit mwaka 1983 ili kuwasaidia watabibu. Hayakuwa kipimo cha kutambua nani amenyanyaswa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliukataa ushahidi wa nadharia hiyo kwa kukosa msingi wa kisayansi, ikaacha mlango kwa jambo moja tu, kuchelewa kusema, tena pale ambapo mtu wa kawaida asingeweza kulielewa bila kusaidiwa. Mtaalamu anayekuja Shanzu au Kilifi na hatua tano mfukoni kana kwamba ni sheria ya maumbile atavuliwa nguo na wakili yeyote mwenye intaneti.

Tofauti kubwa kati ya kule na huku ni nani anayesikiliza. Marekani mtaalamu huyu husema na jopo la raia 12 ambao huenda hawajawahi kukutana na kesi ya mtoto. Kenya anasema na hakimu ambaye wiki hii amesikiliza tatu. Hakimu anajua kwamba watoto huchelewa kusema. Kinachomsumbua ni kwamba hukumu yake itasomwa na majaji juu yake, na hawezi kuandika "nalijua hili kwa uzoefu wangu". Mtaalamu anamwekea jambo hilo kwenye kumbukumbu ili apate pa kuegemea. Ukilielewa hivyo, ushahidi wake utakuwa wa dakika ishirini, si siku nzima. Mlango wa kisheria upo: kifungu cha 33 cha sheria ya 2006 kinaruhusu ushahidi wa mazingira na athari za kosa, ili kuonyesha kama huenda kosa lilitendeka, kama palikuwa na shinikizo, na kwa ajili ya adhabu.

Swali la kumuuliza ni, "Je, hutokea mtoto aliyetegwa akaendelea kuwasiliana na aliyemtega?" Swali la kutomuuliza kamwe ni, "Je, mtoto huyu anasema kweli?" La pili ni la hakimu. Mtaalamu akilijibu, utetezi umepata sababu ya rufaa bila kuitafuta.

Simu: anayeifungua au anayeijua laini?

Kwa lengo la unyonyaji, hakuna shahidi anayeshinda simu ya Anti. Anti akisema alimchukua mtoto aoshe vyombo, na simu yake ina picha za mtoto zilizotumwa kwa wanaume pamoja na bei, swali la lengo limejibiwa kwa mkono wake mwenyewe. Hapa wapo wawili wa kulinganisha, na kwa kawaida unawahitaji wote wawili.

Mchunguzi wa dijitali anaeleza kilichomo ndani ya simu na jinsi alivyokitoa bila kukibadilisha. Nguvu yake haiko kwenye picha, iko kwenye njia. Alipokea simu kwenye mfuko uliofungwa kwa lakiri? Nani alisaini, saa ngapi? Ilikuwa imezimwa mtandao ili mtu asiifute kutoka mbali? Alifanya nakala, akaipima kwa heshi, yaani ile tarakimu ndefu inayobadilika hata herufi moja ikibadilika? Halafu kuna cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kumbukumbu ilivyotolewa na kwa kifaa gani. Nimalizie na kitu kidogo kinachoaibisha watu: saa. Ripoti ya mashine mara nyingi huandika saa za dunia, saa tatu nyuma ya zetu. Ujumbe wa Anti unasema "mlete saa tatu". Mashine inaonyesha ulitumwa 17:40. Mlinzi wa jumba anasema aliwaona saa tatu usiku. Bila mchunguzi kueleza kwamba 17:40 ya mashine ni saa mbili na dakika arobaini usiku hapa kwetu, wakili atazisoma saa hizo tatu kwa mpigo na zitasikika kama uongo mtupu. Zikipangwa, zinafuatana kwa dakika.

Shahidi wa kampuni ya simu analeta usajili wa laini na taarifa za miamala. Yeye kimsingi si mtaalamu wa maoni, ni mtunza kumbukumbu, na ni kosa kumtaka aseme zaidi. Anaweza kusema laini ni ya nani na pesa ziliingia lini. Hawezi kusema kidole cha nani kilibonyeza. Hilo litoke kwa mtoto, kwa jirani, au kwa picha ambayo Anti alijipiga na simu hiyo hiyo asubuhi ile.

Na lugha ya mafumbo kwenye jumbe ("mzigo mpya", "mgeni wa kizungu", "yule mdogo") usimbebeshe mchunguzi wa dijitali. Sheria ya Ushahidi ina mlango wake kwa maana ya maneno yanayotumiwa na watu wa mahali fulani au kundi fulani, na shahidi wake ni mtu aliyeyaishi mazingira hayo.

Askari aliyebobea

Mahakama za shirikisho za Marekani zimemkubali kwa muda mrefu afisa mzoefu aeleze biashara hii inavyoendeshwa: nani anaajiri, nani anakusanya, adhabu za ndani ni zipi. Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa, ya majimbo ya magharibi, iliridhia hilo mwaka 2010. Huku kwetu ningeogopa. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi, kinachohusu maoni ya wataalamu, kinazungumzia sheria za kigeni, sayansi au sanaa, na utambuzi wa mwandiko au alama za vidole. Kumwingiza askari humo kunahitaji kusukuma. Ubaya zaidi ni pale mpelelezi wa kesi hiyo hiyo anapogeuzwa mtaalamu: dakika moja anasema alichokiona, dakika nyingine anasema anachoamini, na hakimu hajui amsikilize kwa sikio gani. Kama ni lazima, awe afisa wa kitengo cha kupambana na ulanguzi na ulinzi wa watoto ambaye hakugusa faili.

Wanaoitwa wataalamu nao siyo

Mkalimani wa Kigiriama au Kidigo hatoi maoni. Msaidizi wa shahidi dhaifu chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono naye hatoi. Anamsaidia mtoto kuelewa swali na kusikika. Nawataja kwa sababu bajeti ikiwa ndogo, hawa wawili ndio wa kulipiwa kabla ya mtaalamu yeyote. Mtoto aliyeulizwa kwa lugha anayoiota usiku atajibu mwenyewe nusu ya maswali tuliyotaka kumwitia mwanasaikolojia.

Kesi ikihamia ng'ambo

Si kila kesi ya mtoto wa Kenya inasikilizwa Kenya. Mwaka 2016 mahakama ya Oklahoma ilimhukumu kijana Mmarekani miaka 40 kwa aliyowatendea watoto wa makao ya Nairobi alikokuwa akijitolea, na Uingereza nayo imewahukumu raia wake kwa makosa yaliyotendeka huku. Mpangilio wote hubadilika hapo. Jopo la kule halijui kitabu cha kliniki ni nini, kwa nini cheti kisajiliwe mtoto akiwa darasa la nne, wala kwa nini msichana amwite "Anti" mwanamke asiye ndugu yake. Mtaalamu wa tabia, ambaye huku ningemweka nyuma, kule anapanda mbele, na anahitaji mwenzake kutoka Kenya wa kueleza usajili wa vizazi na maisha ya kawaida ya kazi za ndani.

Ukiwa na nafasi ya wawili tu

Mtoto ana cheti cha zamani, na Anti amekiri kumchukua ila anadai ni kazi ya ndani: mchunguzi wa simu na shahidi wa miamala. Mwanasaikolojia abaki nyumbani.

Mtoto hana karatasi yoyote, mama amefariki: daktari wa umri na mchunguzi wa simu. Muulize daktari kabla ya kufungua mashtaka kama masafa yake yatakaa chini ya 18. Yakivuka, usisajili shtaka la mtoto kwa matumaini. Rudi kwenye shtaka la mtu mzima, ambako njia iliyotumika inabidi ithibitishwe, na hapo ndipo mwanasaikolojia anapopata kazi yake halisi.

Mtoto amegeuka, anasema Anti ni mama yake wa pili na hataki kesi: mtaalamu wa tatu, yule asiyemjua, pamoja na simu. Usimwite mshauri wake.

Na yeyote utakayemchagua, chukua namba yake ya simu binafsi na jina la mwenzake anayeujua mwandiko wake. Madaktari huhamishwa, hugoma, huenda masomoni. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu ripoti ya daktari au mkemia itumike bila mwandishi kuja, lakini mahakama inaweza kutaka aitwe ahojiwe, na tarehe ya kumtafuta si ile ambayo karani ameshaita namba ya kesi.